UZI: Ukienda uwanjani kuangalia kikapu, usiufuate mpira

Mzee wa Kona (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimetoka kuangalia mechi ya kikapu ya kulipwa, uwanja wa ndani, viti vimejaa hadi juu kabisa. Tangu nirudi kila ninayemsimulia ananiuliza kitu kilekile: nani alidanki, yaani kuupigilia mpira ringini kwa mkono? Alidanki mmoja, tena vizuri tu. Lakini sicho kilichonileta humu. Nimekuja kwa sababu niliwaona wachezaji wote kumi kwa pamoja, dakika zote, na nikaelewa kwa nini kocha humfokea mtu ambaye kwenye TV hata hayumo kwenye picha.

Nitaandika kwa vipande. Mwenye haraka apite, uzi hautamkimbia.

Kwanza, wahi. Sisemi uwahi mechi, nasema milango ikifunguliwa uwe mlangoni. Ukumbi ukiwa bado mtupu unasikia viatu vinavyolia kwenye mbao na mpira unavyodunda, kabla muziki haujafunguliwa na kumeza kila kitu. Wachezaji hawapashi wote kwa mkupuo, wanakuja kwa zamu, mmoja au wawili, kila mmoja na kocha msaidizi wa kumrudishia mpira. Mimi macho yangu yaligota kwa kijana mmoja wa wageni. Alianzia kona ya kushoto nyuma ya mstari wa pointi tatu. Mashuti matano yaingie mfululizo ndipo asogee, akikosa la nne anaanza upya kuhesabu. Alizunguka tao zima namna hiyo mpaka kona ya kulia, jezi ya mazoezi imemganda mgongoni. Kisha mechi ikaanza, akakaa benchi, na hakuingia hata sekunde moja.

Nyie mnaopenda kusema "fulani ni wa benchi tu", nendeni mkaone huyo wa benchi anafanya nini saa moja na nusu kabla ya mechi.

Wapo wanaowahi kwa makusudi ya kuangalia watu wakipasha. Stephen Curry wa NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, kaligeuza hilo kuwa onyesho kamili: anadunda mipira miwili kwa pamoja, anashuti kutoka kila pembe, anamalizia na mashuti ya mbali ambayo hayana kazi yoyote kwenye mechi ila watu wanayasubiri. Na Dennis Rodman zamani zake alikuwa akiwakodolea wenzake wakishuti ili ajue mpira wa nani ukigonga ringi unarukia wapi. Alikuwa na futi 6 na inchi 7 tu, akaongoza NBA kwa rebaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kuingia, misimu saba mfululizo, kuanzia 1992 hadi 1998. Yaani hata yeye alianza kazi wakati mashabiki wanatafuta viti.

Naendelea...

Kipara wa Mbele

Nimekaa hapa, mkuu. Ila nikuulize mapema: uliketi wapi? Maana kuna watu wanakwenda kukaa juu kabisa halafu mechi nzima wanaangalia ile skrini kubwa ya katikati. Si bora ubaki nyumbani?

Mzee wa Kona

@Kipara, nusu ya kwanza nilikuwa nyuma ya goli, safu za chini. Nusu ya pili nilibadilishana na jamaa niliyekwenda naye, nikapanda juu, upande wa pembeni. Hilo ndilo lililonifungua macho, maana ni kama nilikwenda mechi mbili.

Chini unapata miili. Kwenye TV skrini, si kioo, nasema ile ya kumzibia njia anayekaba, ni kitu cha kistaarabu: mtu kasimama njiani, anayekaba kazuiwa, maisha yanaendelea. Chini unausikia mgongano wenyewe, kifua kwa bega. Aliyegongwa anatoa pumzi, na aliyesimama naye anaumia vilevile. Unaona pia jinsi walivyo na kasi. Mchezaji unayemwita mzito ukiwa sebuleni, akikupitia karibu unajiuliza mwili ule unasimamaje bila kuvunja kitu.

Ila chini nyuma ya goli upande wa pili wa kiwanja huuoni. Unaona miguu na migongo tu, unajua wamefunga kwa kelele za watu. Hapo na mimi niliitazama skrini kubwa, nisikufiche.

Juu ni habari nyingine. Kule mpira ni mdogo na sura huzioni vizuri, lakini mchezo unaonekana umelala chini kama ramani. Unaona shambulizi likipangwa: wawili wanahamia upande wa kulia bila mpira, wanawavuta wanaowakaba, halafu upande wa kushoto panabaki uwazi ambao hakuna aliyeutazama. Sekunde tatu baadaye pasi inatua kulekule. Watu wanashangilia aliyefunga, wewe unacheka peke yako kwa sababu ulishaona.

Hapo ndipo nilipoamua kuuacha mpira. Nilichagua mtu mmoja, mpigaji wa pointi tatu wa timu ya nyumbani, nikamfuata robo nzima ya tatu, awe nao au asiwe nao. Wakuu, yule bwana hakupumzika! Anakimbilia chini ya goli, anapita nyuma ya skrini ya senta, yule mrefu wa chini ya goli, anatokea kona, hakupewa, anarudi tena kwa njia ileile. Anayemkaba kamshika jezi, anaitoa mikono, wanasukumana. Akishambulia mara tano hivi labda anaupata mpira mara moja, na anakaa nao muda wa kupepesa jicho. Lakini kila akipita, watu wawili wa timu pinzani wanageuza vichwa kumtafuta. Na mwenzake mwenye mpira anaingia kwenye upenyo wanaouacha hao wawili. Kwenye takwimu robo ile alikuwa na pointi tatu. Kwa macho yangu alikuwa amechangia zaidi ya kumi.

Kwa wasioamini: tarehe 5 Desemba 2016 Klay Thompson wa Golden State Warriors aliwafunga Indiana Pacers pointi 60 ndani ya dakika 29. Mpira ulikaa mikononi mwake kama sekunde 90 tu kwa jumla, na aliudunda mara 11. Pointi sitini! Sasa aliyekuwa ukumbini usiku ule akifuata mpira, aliona nini? Aliona Klay anashuti. Kazi yenyewe ilifanyika kabla, mpira ukiwa kwa wengine.

Mtoto wa Jana

Uzi mtamu huu. Mimi kilichonichanganya siku yangu ya kwanza ni urefu. Kwenye TV wote warefu kwa hiyo hakuna mrefu. Curry anaonekana katoto pale, kumbe ana kama mita 1.88, akija kwenye foleni yako ya benki anawapita karibu wote. Nikamkumbuka Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania aliyechaguliwa namba 2 na Memphis Grizzlies timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2009. Futi 7 na inchi 3. Tuliizoea ile namba kama namba tu. Mtu wa hivyo akisimama mbele yako na kunyoosha mkono, ringi ya mita 3.05 siyo mbali hata kidogo.

Kipara wa Mbele

Bado sijashawishika. TV ina marudio kutoka pembe nne, ina takwimu, ina mchambuzi anayenieleza. Uwanjani refa akipuliza sijui hata faulo ni ya nani. Na hapo katikati muziki, wacheza dansi, fulana zinarushwa kwa bunduki, sijui nini. Nimekuja kuangalia mechi au sherehe?

Refa wa Zamani

Ngoja niingie hapa kwa sababu mleta uzi kagusa kazi yangu. Nilipuliza filimbi miaka mingi, ligi za chini, nimestaafu.

Mnadhani marefa watatu wote wanaangalia mpira? Tukifanya hivyo mchezo umekwisha. Kila mmoja ana eneo lake. Yule anayesimama nyuma ya mstari chini ya goli mara nyingi mpira hauangalii kabisa, anaangalia vita ya ndani: viwiko, nyonga, nani kamsukuma nani kabla pasi haijafika. Ndiyo maana mnashangaa filimbi inalia mahali ambapo "hakuna kitu". Kitu kilikuwepo, wewe ulikuwa unaangalia mpira. Kwa hiyo mzee wa kona bila kujua kafundishwa urefa na kiti chake.

Kuhusu mapumziko, @Kipara, hayaji ovyo. NBA kila timu ina taimauti 7 kwa mechi, na haziruhusiwi kuwekwa zote kiporo: robo ya nne timu haiwezi kuwa na zaidi ya 4, na katika dakika 3 za mwisho zisizidi 2. Tena katika kila robo lazima zipatikane mbili, moja mchezo ukisimama zikiwa zimebaki chini ya dakika 7 na nyingine zikiwa chini ya dakika 3, hata kama hakuna kocha aliyeomba. Hizo ndizo TV inakula matangazo. Uwanjani hakuna matangazo, ndiyo maana wanakurushia fulana.

Mzee wa Kona

@Refa, asante sana, hiyo ya eneo nimeichukua.

@Kipara, marudio nakubali, uwanjani utayakosa au utayaona mara moja kwenye skrini kubwa, tena wakati mwingine hawalirudishi lile lililowaumiza wenyeji. Lakini sikiliza: taimauti ikiitwa TV inakuondoa. Mimi nilikuwa nimekodolea benchi la wageni. Kocha mkuu hakusema neno nusu ya muda ule! Alisimama pembeni na wasaidizi wake kwanza, wakajadiliana wakiwa wamewapa wachezaji mgongo, ndipo akaja kuchuchumaa mbele yao na ubao wake mdogo, akachora mistari miwili. Wachezaji watatu wanaangalia ubao, wa nne anakunywa maji, macho kayaelekeza juu kwenye matokeo. Wa tano kamshika mwenzake bega anamwelekeza kitu kwa kidole, uwanjani, mahali fulani karibu na mstari wa mitupo huru. Mchezo ulipoanza tena, skrini ikawekwa palepale alipoonyesha kidole. Kocha alichora kitu kingine kabisa, maana ubao niliuona.

Hilo mchambuzi gani atakuambia?

Dada Mkubwa

Mimi nimekwenda na mwanangu wa miaka saba, niwape upande wa wazazi kidogo. Hizo fulana na dansi mnazozidharau ndizo zilizonifikisha robo ya nne bila kuombwa turudi nyumbani. Ila kelele jamani. Spika ziko juu ya vichwa na muziki unapigwa hata mpira ukiwa unachezwa, hawasubiri usimame. Mtoto mdogo mchukulie vya kuziba masikio. Chukua kiti cha pembeni mwa njia, kwa sababu chooni mtakwenda, na mtakwenda wakati mechi imenoga.

Na kingine, mpira ukirukia jukwaani unarudishwa. Wangu alidhani ni wake, tulilia kidogo.

Ngulumbili

Nyie mnaongelea viti, mimi nililia kwa jambo lingine. Nilijinyima nikanunua tiketi kwa ajili ya mchezaji mmoja tu, simtaji. Nafika, kavaa suti, kakaa mwisho wa benchi anatafuna ubani. "Anapumzishwa." Mechi ilikuwa ya pili ndani ya siku mbili. Nikaangalia suti.

Kibarua wa Usiku

@Ngulumbili suti ya rangi gani?

Ngulumbili

@Kibarua bluu. Ilimkaa vizuri, sisemi uongo.

Mzee wa Kona

Pole mkuu. Kwa NBA timu zinatakiwa kutangaza hali za majeruhi hadi saa kumi na moja jioni ya siku ya kabla ya mechi, kwa saa za pale. Zikicheza siku mbili mfululizo, ile ya pili hutangazwa mchana wa siku yenyewe. Tiketi ukishanunua haikusaidii sana, ila angalau unakwenda ukijua. Tangu msimu wa 2023/24 wamebana pia: mchezaji asiyefikisha mechi 65 kati ya 82 kwa kawaida hahesabiwi kwenye tuzo kubwa kama MVP, ya mchezaji bora wa msimu. Suti zimepungua kidogo, hazijaisha.

Ila nitasema kitu utanichukia: mechi ambayo nyota hayupo ni nzuri zaidi kwa kujifunza kuangalia. Mpira unazunguka, kila mtu anatafuta pa kuupeleka.

Ngulumbili

Umesema kweli. Nimekuchukia.

Mtoto wa Jana

Mimi kilichonishangaza kingine ni zile sekunde 24 ambazo timu hupewa iwe imeshashuti. Kwenye TV zinapita kama upepo, uwanjani ni nyingi! Wanajaribu kitu kimoja kinakataa, cha pili kinakataa, saa iliyo juu ya ubao inasoma 9, na bado kuna muda wa cha tatu. Ikifika 5 jukwaa zima linahesabu.

Refa wa Zamani

Na shukuru saa hiyo ipo. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliifunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Hiyo ni mechi nzima, si robo! Pistons walimwogopa George Mikan, nyota wa Lakers, wakaamua kuushikilia tu mpira. Fikiria umelipa kiingilio. Saa ikaja 1954, wazo la Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mechi nzuri ina mashuti kama 120 kwa timu mbili, mechi ni sekunde 2,880, gawanya.

Halafu anayekwenda kuangalia BAL, ile ligi ya kikapu ya Afrika, au michuano mingine ya sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ajiandae kidogo. Robo ni dakika 10 badala ya 12, faulo tano unatoka, si sita. Na mpira ukishagusa ringi mchezaji yeyote anaruhusiwa kuupiga, hata ukiwa bado unazungukazunguka juu yake. Kwa NBA hiyo ni kosa. Nimeona mashabiki wakimtukana refa Kigali kwa hilo, wamezoea sheria za kwenye TV.

Kibarua wa Usiku

Swali la kijinga: kwa nini kwenye mechi za Marekani robo ya nne hawauzi bia? Rafiki yangu alikwenda akarudi na kiu.

Refa wa Zamani

Si la kijinga. 19 Novemba 2004, Auburn Hills huko Marekani, mechi ya Pistons na Pacers. Wachezaji walishikana, wakaanza kutulizwa, shabiki akarusha kikombe kikamgonga Ron Artest wa Pacers aliyekuwa amejilaza kwenye meza ya waamuzi. Artest akapanda jukwaani, na baada ya hapo ngumi zikawa za kila mtu. Sekunde 45.9 zilizobaki hazikuchezwa. Yeye alifungiwa msimu wote uliosalia. Miezi michache baadaye ligi ikatoa kanuni za mashabiki, na mojawapo ni pombe kutouzwa robo ya nne. Rafiki yako alipe deni la kikombe kile.

Mzee wa Kona

Nimalizie kipande cha mwisho kabla sijalala.

Dakika mbili za mwisho. Tofauti ilikuwa pointi tatu. Kwenye saa ni dakika mbili, kwenye maisha zilikaribia robo saa, na kwenye TV huwa nakwenda kuchemsha maji. Sasa nimeona kwa nini zinachelewa. Kila mchezo ukisimama makocha walikuwa wanabadilisha watu: tunashambulia, anaingia yule mpigaji wa kona, tunakaba, anatoka anaingia mwenye mikono mirefu. Nenda rudi, nenda rudi. Mpigaji hakai hata kitini, anasimama pembeni ya meza na koti lake mabegani. Mara mchezo ukawa hausimami, na wenyeji walikuwa wameishiwa taimauti, kwa hiyo kocha wao akawa hana jinsi ya kumtoa. Wageni wakaliona hilo papo hapo. Shambulizi lililofuata walimtafuta yeye: skrini moja akabadilishiwa mtu, skrini ya pili tena, mpaka akabaki amemkabili mchezaji wao hatari kuliko wote, peke yake, jukwaa zima limesimama.

Akapitwa. Pointi mbili na faulo.

Jirani yangu akatupa mikono akamtukana yule kijana. Nilitaka kumwambia kosa lilifanyika robo ya tatu, taimauti ilipoitwa kwa hasira baada ya filimbi moja tu. Nikanyamaza, maana jezi aliyovaa ilikuwa ya huyohuyo kijana.

Kipara wa Mbele

Sawa, sawa. Hapo kwenye kumtafuta mtu dhaifu umenipata, TV ilikuwa inanionyesha tu kwamba "kapitwa". Sasa nisaidie: nina nafasi ya kwenda, viti viwili tofauti, vinalingana. Nyuma ya goli chini, au juu pembeni?

Dada Mkubwa

Na mtoto au peke yako?

Kipara wa Mbele

Na shemeji yangu, hajui kikapu kabisa.

Mzee wa Kona

Kama ni wewe peke yako ningesema juu, usawa wa mstari wa kati, bila kufikiri. Kwa shemeji, chini nyuma ya goli. Mtu asiyejua mchezo akikaa juu ataona watu wadogo wanakimbia huku na huku, ila chini atasikia ile migongano na hatasahau. Wengine hutaka hapo kwa ajili ya kelele. Clippers wa NBA walipofungua ukumbi wao, Intuit Dome, 2024 walijenga safu 51 mfululizo nyuma ya goli moja, makusudi kabisa, kumsumbua mgeni anapotupa mitupo huru.

Mkishuka kwenye mapumziko, tafuteni mtu wa juu wa kubadilishana naye. Wapo wengi wanaotaka kushuka.

Ngulumbili

Na uangalie orodha ya majeruhi.